UKOO WA MZEE LUHENDE: mbuzi wa Nane Nane

Shangazi Zena, 06:41
Mwangaluka ukoo. Leo tarehe 14 Julai. Uwanja wa Nane Nane wa Ipuli, Tabora, wanafungua tarehe 1 Agosti na hatujachanja hata mbuzi mmoja. Chanjo ya sotoka ya mbuzi inataka wiki mbili hadi tatu kinga ishike. Tukingoja wiki ijayo, tutawaingiza wakiwa watupu uwanjani pamoja na mbuzi wa Kigoma na wa kila wilaya. Nani anampigia afisa mifugo?

Shangazi Zena, 08:15
Mmesoma watu kumi na mmoja. Mabubu wote?

Doto, 08:52
Nitapiga nikipata vocha 😂

Shangazi Zena, 08:53
Nimekurushia buku. Piga. Aje Jumatano, na umuulize kibali cha kusafirisha mifugo kinachukua siku ngapi.

Shangazi Zena, 08:59
Mbuzi wanaokwenda ni Theluji na Karanga, majike wa maziwa. Beberu Jembe pia, tumbadilishe hukohuko. Mabinti zake wanakaribia kilo 30, wakianza kutaka dume watapandwa na baba yao.

Kulwa, 09:20
Shikamoo shangazi. Kwato zikatwe wiki hii, siyo siku moja kabla. Kata ukuta wa pembeni uwe sawa na wayo, ukiona rangi ya waridi simama, mbele ya hapo ni damu. Ukikata kesho yake ukampeleka uwanjani atachechemea mbele ya majaji.

Doto, 09:31
Afisa hapokei.
Mimi nashauri Theluji asikamuliwe tangu jana yake asubuhi. Kiwele kijae, majaji washtuke

Masanja, 09:33
Majaji wapewe michembe na karanga, kiwele watakisahau

Doto, 09:33
😂😂😂 Karanga yupi, mbuzi?

Kulwa, 09:47
Doto acha hiyo. Anakamuliwa kila baada ya saa 12. Ukimpitiliza sana kiwele kinakuwa kigumu kama ngoma, chuchu zinavuja, anatembea miguu imeachana, na ugonjwa wa kiwele unapata mlango. Jaji anayejua kazi hatazami ukubwa. Anatazama kiwele kimeshikwa vipi juu kwa nyuma na mbele tumboni, kama pande mbili zinalingana, kama chuchu zinaelekea chini. Kikikamuliwa kinatakiwa kinywee na kulegea. Kikibaki kinene ni nyama, si maziwa.
Mkamuaji wa kule afuate utaratibu wa nyumbani: maji ya uvuguvugu, kitambaa cha kila mbuzi peke yake, michirizi miwili mitatu ya kwanza kwenye kitambaa cheusi aone kama kuna mabonge, akimaliza achovye chuchu kwenye dawa. Kisha ampe majani ale amesimama kama nusu saa, tundu la chuchu lijifunge kabla hajalala kwenye vumbi.

Shangazi Zena, 09:50
Umesikia Doto. Sasa chakula. Tusitegemee majani ya uwanjani, kubadilisha ghafla ni kuhara au tumbo kujaa gesi. Wawili kwa siku nane, kila mmoja kilo 2 za majani makavu kwa siku: kilo 32, tufunge 40. Pumba na mashudu ya alizeti vilevile tunavyochanganya sasa, nusu kilo kwa kila lita anayotoa. Na turubai la kivuli, Theluji ni mweupe, kiwele kile cha waridi kitaungua na jua.

Kulwa, 09:58
Jembe asipakiwe gari moja la kirikuu na wanaokamuliwa. Harufu yake inaingia kwenye maziwa. Na mkibadilisha, chukueni beberu aliyezaliwa na pembe, hata kama zilichomwa. Theluji ni kipara, kazaliwa hana pembe. Kipara kwa kipara, baadhi ya watoto wanatoka huntha, si dume si jike, hawazai.

Mama Shija, 11:26
Yule wa Nzega alikuwa na pembe. Angekuwepo, leo tusingetafuta beberu.

Shangazi Zena, 11:27
Wifi, hilo si la leo.

Mama Shija, 11:29
Halijawahi kuwa la leo.

Masanja, 11:30
Jamani tule michembe 🙏

Babu (kaandika Shija), 12:04
Babu anasema hivi. Jembe haendi popote. Habadilishwi beberu mwingine mpaka pesa ya yule wa Nzega ifike mkononi kwa Mama Shija. Aliyemuuza anajijua. Mbuzi jike wawili waende, na wakirudi wasiingie banda kubwa, wakae peke yao wiki tatu.

Kulwa, 13:40
Sawa babu.

Mama Shija, 13:41
Ahsante baba.

Shangazi Zena, 15:18
Tumesikia baba.
Kirikuu ni elfu themanini kwenda tu. Masanja umeahidi ishirini. Anayelala uwanjani na mbuzi bado hajapatikana, na banda la kuwatenga wakirudi sijui la nani.

Masanja, 15:40
Ishirini ni mpaka mwisho wa mwezi

Doto, 17:22
Afisa kapokea. Jumatano hawezi, Alhamisi asubuhi. Anasema wafungwe mapema, hatakimbiza mbuzi porini

Shangazi Zena, 17:23
Kulwa, Alhamisi upo?

Mjomba Kashindye, 21:55
Nimeona sasa hivi. Hicho kibali kiandikwe mbuzi wawili au watatu?