MJADALA: Kozi ya lazima kuhusu wenyeji wa asili Kanada, sisi wanafunzi kutoka Afrika inatuhusu?

Mgeni wa Baridi:
Wadau habari zenu. Niko mwaka wa pili Kanada, chuo nisikitaje. Kuna mpango kila anayesoma digrii ya kwanza apitie kozi moja ya lazima kuhusu wenyeji wa asili, kama walivyoanza University of Winnipeg 2016. Mimi nawaheshimu wale watu, kila tarehe 30 Septemba navaa tisheti ya rangi ya chungwa kama wenzangu. Ila nalipa ada mara kadhaa ya anayolipa mzawa wa hapa, babu yangu hakumnyang'anya mtu ardhi huku, sasa hili deni naingizwaje? Maridhiano si ya aliyekosa na aliyekosewa? Naomba hoja, matusi hapana.

Binti Kisauni:
"Mzawa wa hapa" ndo nani kaka? Huyo uliyekaa naye darasani ambaye babu yake alishuka na meli? Ukishampa yeye uzawa, mwenye ardhi utamwita nani? Wewe hiyo kozi unaihitaji kuliko wote.

Mgeni wa Baridi:
Dada nimemaanisha raia. Usinishike neno ukaacha hoja.

Fundi Saa:
Neno ndo hoja yenyewe. Sisi wenyewe tumekua tukisema "Wahindi Wekundu", jina la baharia aliyepotea njia akadhani kafika Bara Hindi, na hadi leo mtu mzima anaandika hivyo bila kushtuka. Na huo uraia, wengi wao hawakuruhusiwa kupiga kura za kitaifa mpaka 1960 isipokuwa wakubali kuacha hadhi yao ya kisheria ya uenyeji. Mtu anaambiwa ajikane ndo apige kura nchini kwake!

Mzee wa Kahawa:
Mwanangu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Umekula chao miaka miwili, hiyo kozi ndo jembe lako. Lima.

Mgeni wa Baridi:
Shikamoo mzee. Nakubali jembe, ila anayenipa sio mwenye shamba, ni aliyelivamia.

Binti Kisauni:
Hapo sasa umesema kitu.

Kipara Ngoto:
Mnazunguka. Zile shule za bweni walikopelekwa watoto wa wenyeji wa asili zilifungwa miaka ya sitini huko, nani leo anadaiwa? Sisi pia tulichapwa shuleni kwa kuongea lugha za nyumbani, tukaendelea na maisha. Watu wakubali yaishe.

Mama wa Taita:
Kipara naomba unisikilize. Mimi ndo nilivalishwa kibao shingoni kwa kuongea Kidawida, nikazunguka nacho mpaka nimkamate mwenzangu akiongea nimvalishe yeye. Nina wajukuu na hawajui kunisalimia kwa lugha yangu kwa sababu niliwalea wazazi wao kwa Kiingereza, niliogopa. Usiseme tuliendelea na maisha, wewe uliendelea. Lakini hata mimi nilirudi nyumbani jioni, mama akanipikia. Wale watoto wa Kanada kuanzia 1920 sheria iliwalazimisha kwenda, mzazi akimficha mtoto anashtakiwa. Watoto kama laki moja na nusu, na waliofia huko waliothibitishwa ni zaidi ya elfu nne. Hiyo tisheti unayoiona ni ya mtoto wa miaka sita, bibi yake alimnunulia mpya ya kwendea shule mwaka 1973, alipofika wakamvua na hakurudishiwa. 1973 nilikuwa nimeshazaliwa.

Fundi Saa:
Na ya mwisho imefungwa miaka ya tisini, sio sitini.

Kipara Ngoto:
Pole mama, sikukulenga wewe.

Majira Vancouver:
Niko British Columbia, chuo kimekaa juu ya ardhi ya Wamusqueam, wenyeji wa asili wa huku, ambayo hawakuiuza wala kuisalimisha kwa mkataba. Kuna nguzo imesimamishwa 2017, mwerezi mwekundu wa miaka kama 800, kaichonga James Hart wa Wahaida, wenyeji wengine wa asili. Katikati ya nguzo imechongwa shule ya bweni, na imepigiliwa maelfu ya misumari ya shaba kwa ajili ya watoto waliokufa. Mara ya kwanza nilipita nikidhani ni pambo. Aliyenieleza ni mwanafunzi mwenzangu, tukasimama pale mpaka vidole vikafa ganzi. Rais wa chuo aliomba radhi 2018, na lugha ya Wamusqueam inafundishwa chuoni tangu miaka ya 90. Kwangu hiyo lugha ina uzito kuliko radhi.

Njoro Damu:
Sasa niwaulize. Toronto walikuwa na chuo kinaitwa Ryerson, 2022 wakabadilisha jina kwa sababu mawazo ya huyo Egerton Ryerson ndo yalizaa zile shule. Egerton! Na sisi Njoro, Kenya, tuna chuo kikuu chetu cha Egerton, jina la Lord Egerton mlowezi, alianzisha shule ya kilimo 1939 ya vijana wa kizungu tu. Wamaasai walishaondolewa Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904, wakapelekwa Laikipia, 1911 wakaondolewa na huko. Nani anavaa tisheti yao?

Kuku wa Nakuru:
Cheti changu kina hilo jina na kimelisha watoto wangu wanne, usiligeuze tusi. Yule mzee wanasema alijenga kasri kwa ajili ya mwanamke akakataliwa, alikuwa na majonzi yake.

Njoro Damu:
Majonzi ya kukataliwa na mchumba unayalinganisha na kuhamishwa kabila zima? Kuku kweli?

Kuku wa Nakuru:
Sijalinganisha. Nasema ukifuta jina, ardhi inarudi kwa nani? Waogiek, wenyeji wa msitu wa Mau, waliishinda serikali ya Kenya kwenye Mahakama ya Afrika kule Arusha 2017, 2022 mahakama ikaamuru walipwe fidia zaidi ya shilingi milioni 157 za Kenya, na Novemba 2023 nyumba zao za Mau zikabomolewa tena. Jina halikuwabomolea.

Mgeni wa Baridi:
Waogiek walishinda kesi? Mimi nimekaa Arusha miaka sita, mahakama naipita kila siku na sikujua.

Mama wa Taita:
Ndo maana hiyo kozi uichukue mwanangu. Na wewe Kuku, au yeyote aliye chuoni hapa nyumbani, nijibuni: kuna chuo hata kimoja kinafundisha Kiogiek?