Wauza vyombo vya muziki Tanga, nyuzi za gitaa SIO kamba za kuanikia nguo!!!

Wakuu habari za jioni. Najua mtu kufungua uzi wa kulalamikia nyuzi inachekesha, haya chekeni kwanza mmalize, mimi hapa nimekaa barazani Makorora na gitaa la marehemu mjomba mapajani, daraja limebanduka limenyanyuka kama soli ya kiatu kilichonyeshewa, na sina hamu ya kucheka hata kidogo. Daraja nasemea kile kipande cha mbao pale tumboni kwa gitaa kinachoshika nyuzi. Limeng'oka na kibanzi cha ubao wa mbele. Kibanzi kabisa!

Sasa sikilizeni ilivyokuwa. Hili gitaa ni kavu, yani lisilotumia umeme, la aina ile ya klasiko, shingo pana, kichwa kina matundu mawili marefu, nyuzi unazifunga fundo pale darajani, halina vile vijiti vya kuchomeka. Mjomba alilinunua miaka ya 1970 enzi anapigapiga ridhimu kwenye mabendi ya hapa hapa mjini na miaka yote hiyo limefungwa nailoni tu. Mwezi uliopita uzi wa tatu ukakatika na zile nene zilishakuwa nyeusi kama masizi ya sufuria, nikasema ngoja ninunue seti nzima maana Jumamosi kuna harusi ya ndugu Duga na nimeombwa nipige mbili tatu. Alhamisi mchana nikaingia duka moja la vyombo vya muziki, jina silitaji sitaki kesi, anayelijua amelijua.

Nikamwambia kijana wa kaunta nataka nyuzi za nailoni. Akanitolea pakiti, "hizi hapa anko". Nasoma, bronzi. Nikamwambia mbona hizi ni za gitaa la stili? Akanijibu bila hata kuinua macho kwenye simu, anko nyuzi ni nyuzi, na mbona hata hilo lako hizi tatu nene ni waya? Akagonga na kucha kabisa, tin tin, kanionyesha unaona, waya huo.

Hapo ndo aliponimaliza wakuu, maana kwa macho ni kweli zinaonekana waya. Kumbe (na hili nilikuwa nalijua, hasira yangu ndo ipo hapo, nilikuwa NALIJUA) zile tatu nene za seti ya nailoni ndani ni nyuzinyuzi laini za nailoni nyingi kama za katani, alafu nje ndo zimezungushiwa waya mwembamba wa shaba uliopakwa fedha. Ule waya kazi yake ni kuupa uzi uzito ili utoe besi bila kuwa mnene kama kamba ya jahazi. Haubebi mvuto, mvuto unabebwa na nailoni ya ndani. Wakati seti ya stili ndani ya kila uzi ni chuma. Ukiziweka pamoja kwenye meza zinafanana kama mapacha ila moja ni paka na nyingine chui.

Lakini siku zenyewe zimebaki mbili, duka lingine nimepita hawana, la tatu wakaniletea ukulele, basi nikatoa hela yangu nikabeba. Haya nipigeni mawe.

Nikafunga jioni ile ile. Yani ile sauti, mpaka jirani katoka nje kusifia, inalia kengele! Ijumaa asubuhi naona nyuzi zimepanda juu ya freti (vile vyuma vya shingoni), nikibana kordi ya F kidole kinataka kuchinjwa. Nikasema ni gitaa linajizoea. Jumamosi saa tatu asubuhi nipo jikoni nasubiri maandazi nikasikia KWAA kama dafu limedondoka kwenye bati. Narudi chumbani, daraja limefumuka, nyuzi zinaning'inia. Harusini nimeenda kupiga makofi kama wageni wengine.

Jumatatu nikarudi dukani na gitaa lenyewe. Kijana akaniambia ulikaza sana. ULIKAZA SANA! Nimeanza kukaza nyuzi yeye hajazaliwa. Alafu akaja mwenye duka akasema kwa upole kabisa mali ikishafunguliwa hairudi, ila kama nataka ana gitaa jipya zuri la Kichina atanipunguzia bei.

Sasa ngoja niwape hesabu wale ambao mtakuja na maneno ya kukaza sana. Seti ya stili ile ya kawaida inayoitwa 12 (ni namba ya unene), ukiityuni sawasawa nyuzi zote sita kwa pamoja zinavuta kama kilo 70 na ushee. Hiyo ni karibu mfuko mmoja na nusu wa simenti umening'inia kwenye kipande cha mbao kilichobandikwa kwa gundi. Nailoni seti ya kawaida inavuta kama kilo 40 hivi. Gitaa la stili limejengwa kuubeba ule mzigo, ndani ubao wa mbele umeegemezwa na mbao zilizopishana kama herufi X na shingoni kuna fimbo ya chuma. Klasiko mara nyingi haina hiyo fimbo na ubao wake ni mwembamba, mbao za ndani zimetandazwa kama vidole vya mkono, ndo maana sauti yake ni tamu na nyepesi. Haya magitaa kabla ya vita kuu ya pili yalikuwa yanafungwa nyuzi za utumbo wa mnyama jamani, UTUMBO, nailoni imeingia miaka ya 1940. Ni chombo kilichozaliwa kubeba kitu laini, wewe unakitwisha chuma alafu unasema mteja kakaza sana.

Ukitaka kumtyuni mtu huyo sijui utumie ufunguo gani.

Na isiwe mnadhani ni mara moja. Mwaka juzi nina kavu lingine la stili nimemnunulia mpwa wangu anajifunza, nikamtuma dukani kwa wenyewe hawa hawa, karudi na seti ya gitaa la umeme. Namba 9. Zile zimetengenezwa kwa stili iliyopakwa nikeli ili zisomwe na sumaku za gitaa la umeme, ukizifunga kwenye kavu ambalo halina sumaku wala spika linategemea ubao utetemeke unapata sauti ya mbu kwenye chandarua. Nimeuliza wakasema "zinafanya kazi kote kote". Mtu ukiwa hujui angalia hivi, seti ya kavu zile nene mara nyingi ni rangi ya dhahabu au shaba na uzi wa tatu umezungushiwa waya, seti ya umeme zinang'aa kama kijiko na uzi wa tatu mara nyingi ni mtupu. Mtoto wa watu wiki nzima anadhani mikono yake ndo mibovu.

Na hii tabia ya kufungua seti na kuuza uzi mmoja mmoja! Naelewa maisha magumu, uzi namba moja, ule mwembamba kabisa, ndo unakatika zaidi na mtu hana hela ya seti, sawa uza, lakini uza ukijua unauza nini. Unamwomba namba moja anachomoa kwenye boksi la biskuti waya uliokunjwa, umepauka, hauna geji. Geji ni unene bwana, ukisikia seti ya 12 maana yake uzi namba moja una unene wa inchi 0.012, ya 11 ni 0.011, hivyo hivyo. Mimi nimewahi kuuziwa namba moja ambayo nadhani ilikuwa 9 nikaichanganya na seti ya 12, uzi mmoja unalegea kama mlenda wenzake wamekaza kama ngoma ya mdundiko.

Alafu wauzaji wanapenda kweli kukupa 13, "chukua nene hii ndo ina sauti". Ni kweli nene ina sauti ila inavuta zaidi, na mtoto anayejifunza ukimpa 13 mwezi haufiki gitaa limerudi juu ya kabati. Anayeanza mpe 10 au 11. Gitaa kuukuu la stili ambalo humjui fundi wake mpe 11 hata kama wewe ni fundi wa vidole. 12 ndo ya watu wengi. Hayo tu, wala sio siri ya kikao cha wazee, hata kwenye pakiti kumeandikwa namba, tatizo hawasomi.

Kingine ambacho kinaniuma zaidi kwa sababu sisi ni watu wa pwani. Upepo wetu una chumvi. Bati linaoza, baiskeli inaoza, kufuli la mlango linaoza, wewe unadhani uzi wa gitaa utabaki? Lakini uliza duka lolote tofauti ya ile wanayoiita 80/20 na ile fosfa bronzi uone watakavyokutazama. 80/20 ni shaba asilimia 80 na zinki 20, ikiwa mpya inang'aa sauti mpaka raha, lakini inachoka haraka, kwangu hapa na jasho langu hata wiki mbili hazifiki inakuwa bubu. Fosfa bronzi ni shaba kama 92 na bati kama 8 na fosforasi kiduchu, sauti yake imepoa kidogo, ina joto fulani, na inavumilia kuliko mwenzake. Alafu kuna zile zilizopakwa utando wa plastiki mwembamba kama Elixir, bei imechangamka kweli, zaidi ya mara mbili, ila kwa mtu wa pwani mimi naona ndo rahisi maana unabadilisha mara chache. Wapo wasiopenda wanasema zinateleza na sauti imefunikwa, sawa, ladha haina hakimu, lakini si uniambie zipo nichague? Zile pakiti zinakaa kwenye kioo dirishani miaka, jua linapiga, plastiki imepasuka, ukifungua uzi namba moja una madoadoa ya kutu kabla haujaonja gitaa, na bei ni ya mpya.

Kuna mtu najua atakuja kusema agiza Dar. Naagiza! Nimeagiza Kariakoo mara ngapi, parseli inakuja na basi naifuata stendi ya Kange, nauli ya parseli na bodaboda inakaribia nusu ya bei ya nyuzi zenyewe. Mwingine atasema wazee wetu walikuwa wanafunga waya wa breki ya baiskeli na mshipi wa kuvulia na walipiga. Ndio walipiga, kwa sababu hakukuwa na kitu, na mjomba mwenyewe aliniambia mshipi alishawahi kuufunga na alikuwa anautukana kila siku. Leo kitu kipo, kinauzwa, nakilipia hela kamili, kwanini nipewe mshipi kwa bei ya nyuzi?

Na kinachonitoa machozi ni kwamba huu ni mji wa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Mji wa Black Star na Lucky Star, taarabu ambayo gitaa la umeme na besi vilikaa humo ndani vikatulia mpaka watu wa mbali wakaja kuiga. Tanga hii hii! Leo nazunguka barabara zote za Ngamiani kutafuta nailoni seti moja naishia kuambiwa nyuzi ni nyuzi. Spika za kutikisa ukuta utazikuta kila kona, maiki za kuimbia kwenye simu zipo za rangi zote hadi ya waridi.

Sasa ninachotaka. Moja, anayemjua fundi wa mbao mwenye subira hapa Tanga wa kubandika daraja, sio wa makochi, makochi alishakuja mmoja akataka kupiga SKRUBU, nikamfukuza na msumari wake, aje inboksi. Nataka anayejua kusafisha gundi ya zamani na kubana na jiriwa siku nzima bila kugusagusa. Pili, aliyewahi kununua nailoni hapa mjini mwaka huu aseme ni wapi, na awe amefunga kwa mkono wake, sio "nasikia zipo". Na zile za mvuto wa kawaida, sio mvuto mkali, hili gitaa limeshaonja mateso ya kutosha.

Na wewe mwenye duka najua humu unaingia, maana ulinionyesha simu yako ukinitafutia picha ya hilo gitaa la Kichina. Risiti ninayo, pakiti ninayo, imeandikwa bronzi kwa herufi kubwa, na kibanzi cha ubao nimekiweka kwenye kopo la Blue Band. Jumamosi nakuja navyo vyote vitatu.