Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

Swali (mwanafunzi wa kidato cha tano)

Shikamooni walimu. Nimesoma kwamba Pierre de Fermat aliamini kuwa namba za mfululizo wa 3, 5, 17, 257 na 65,537 zote ni tasa, hata ukiendelea bila kikomo. Inayofuata ni 2³² + 1, yaani 4,294,967,297. Jana usiku niliigawanya kwa 3, 7, 11, 13 na kuendelea hadi 113, nikajaza kurasa tatu za daftari bila kupata kigawo hata kimoja. Kwa kuwa kipeuo chake cha pili kinazidi 65,536, namba tasa zilizosalia ni maelfu. Je, ipo njia ya kujua zipi zinastahili kujaribiwa?

Jibu la 1

Marahaba. Kati ya zote ulizojaribu, hakuna iliyokuwa na nafasi. Tuseme p ni kigawo tasa cha namba hii: 2³² ikigawanywa kwa p itabakisha p − 1, na 2⁶⁴ itabakisha 1, kwa hiyo mabaki ya vipeo vya 2 hujirudia kila baada ya hatua 64 kamili, na 64 lazima igawanye p − 1. Zinazotimiza sharti hilo ni 193, 257, 449, 577, 641 na kuendelea, na ya tano ndiyo yenyewe: 641 × 6,700,417. Leonhard Euler alilionyesha hilo mwaka 1732, zaidi ya miaka 60 baada ya Fermat kufariki.

Jibu la 2

Naongeza uthibitisho ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu hauhitaji kugawanya. Angalia kwamba 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴. Tukihesabu kwa mabaki ya 641, 5 × 2⁷ ni sawa na −1, na kipeo chake cha nne, 5⁴ × 2²⁸, ni sawa na 1. Lakini 5⁴ ni sawa na −2⁴, hivyo −2³² ni sawa na 1, na 2³² + 1 haibakishi kitu.

Muulizaji

Asanteni sana, walimu wangu. Na 6,700,417 yenyewe je, haigawanyiki tena?

Jibu la 1

Haigawanyiki, na unaweza kuhakikisha kwa dakika chache. Édouard Lucas aliboresha sharti la Euler: badala ya 64, weka 128. Kipeuo cha pili cha 6,700,417 hakifiki 2,589, na chini ya hapo ukiacha 257, ambayo haiigawanyi 2³² + 1, zinabaki nne tu: 641, 769, 1,153 na 1,409. Mabaki yake ni 44, 120, 334 na 622, kwa mpangilio huo. Zigawanye mwenyewe kwenye ukurasa wa nne wa daftari lako.