Baba yake babu alichukuliwa kubeba mizigo ya vita 1916, hakurudi. Nianzie wapi kumtafuta?

Binti_Misungwi

Wakuu habari za humu, na wazee wote shikamooni.

Naomba msaada wa mliowahi kufuatilia ukoo wenu hadi enzi za Mjerumani. Mimi naishi Kirumba hapa Mwanza, ila kwetu ni upande wa Misungwi. Desemba ukoo unakutana kujengea makaburi ya wazee. Babu mzaa baba tunajua alipolala, bibi pia, na ndugu zao karibu wote. Tunayekwama kwake ni baba yake babu. Alichukuliwa vita ile ya kwanza kwenda kubeba mizigo, hakurudi, na mwanawe, ndiye babu yetu, alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Tulichonacho ni maneno tu. Shangazi yangu mkubwa ameshapita miaka 80 na kumbukumbu zake bado kali. Yeye alisimuliwa na bibi yake, yaani mke wa huyo aliyepotea. Anasema watu wa mwanang'wa, yaani kiongozi wa kijiji chini ya mtemi (wakiwa wengi ni banang'wa), walikuja wakati wa kuvuna mtama, wakapita kaya kwa kaya wakichagua wanaume. Kwetu walimtaka kaka mtu, lakini alikuwa na kidonda mguuni, basi wakamchukua mdogo. Mkewe alimsubiri mpaka wakwe wakamwambia inatosha, akarithiwa na yule yule kaka mwenye kidonda.

Shangazi anasema waliomchukua ni Waingereza. Baba mdogo anakataa kabisa, anasema ni Wajerumani, na kila tukikaa kikao wanarudi hapo hapo.

Babu mwenyewe alipokuwa mtu mzima akaenda vita ya pili, akiwa Keya, yaani askari wa KAR wa Mwingereza, akarudi salama. Shangazi ametunza nyota yake kwenye sanduku la bati, imefungwa kwenye kitambaa cha kanga. Ni ya shaba, ina ncha sita, katikati kuna taji na herufi GRI, na pembeni naweza kusoma BURMA. Utepe wake una mstari mwekundu mpana katikati, bluu iliyokoza huku na huku, na ndani ya kila bluu kuna uzi wa rangi ya chungwa. Nimeishika mkononi nikawaza kwamba mtoto alikwenda mbali hivyo na serikali ikamkumbuka, baba yake alikwenda hapa hapa nchini na hakuna hata jiwe.

Je, wapagazi waliandikwa majina mahali popote? Na kama hawakuandikwa, mtu anafanyaje ili angalau ajue alielekea wapi? Sitaki kibao cha kaburi kiandikwe "alipotea" bila kujaribu.

Mzee_wa_Kisesa

Marahaba binti yangu. Kwanza mpatanishe baba yako mdogo na dada yake, maana inawezekana kabisa wote wawili wanasema kweli.

Vita ilipoanza 1914 Mwanza ilikuwa ya Mjerumani. Septemba mwaka huo kikosi kilitoka hapa, na meli yao ndogo iliyoitwa Muansa, kikashuka Karungu upande wa Kenya na kupigana Kisii tarehe 12. Juni 1915 Mwingereza akaivamia Bukoba, akaharibu mtambo wa simu ya upepo, akaondoka. Juni 1916 akachukua Ukerewe. Halafu Julai jeshi la Jenerali Crewe likateremka Kongoro na kuingia Mwanza mjini tarehe 14. Wajerumani wakakimbilia kusini kuelekea Tabora, na Mwingereza akawafuata kupitia Shinyanga. Sasa mtu akitoka Mwanza kwenda Shinyanga anapita wapi? Anapita kwenu.

Mtama kwetu unavunwa kuanzia Juni hadi Julai. Hiyo ndiyo tarehe aliyokupa shangazi, na ni tarehe nzuri sana, inakaa juu ya mwezi ule ule Mwanza ilipobadilisha mikono. Reli ya kutoka Tabora ilifika hapa 1928, kwa hiyo 1916 kila sanduku la risasi na kila gunia la chakula lilikwenda juu ya kichwa cha mtu, kilo 25 au zaidi. Anayekimbia anahitaji vichwa, na anayemkimbiza anahitaji vichwa. Wote waliagiza kwa mtemi, mtemi kwa banang'wa, na banang'wa ndio waliokuja kwenye kaya. Mpagazi akitekwa au akiachwa njiani na Mjerumani, mara nyingi alibebeshwa wa Mwingereza. Huenda bibi yenu mkuu alisikia habari ya kwanza, na mwingine akasikia habari ya pili.

Kwa hiyo rudi kwa shangazi, lakini acha kumuuliza ni taifa gani. Muulize kama kuna mwanaume wa jirani aliyechukuliwa siku ile na akarudi. Huyo alisema nini? Waliachana wapi? Kama alikuwa na Wajerumani, basi baada ya Wabelgiji kuichukua Tabora tarehe 19 Septemba 1916, lile jeshi la magharibi la Jenerali Wahle lilielekea Iringa, na wapagazi wake walikwenda nalo. Kama alikuwa na Waingereza wa Crewe, umtafute kati ya Shinyanga na Tabora.

Na usimuulize mchana watu wakipita na simu zikilia. Mambo haya wazee wetu waliyasema shikome, moto umewaka na hakuna mwenye haraka. Kaa naye usiku.

Feri_Kamanga

Pole dada, ila usijipe matumaini. Wapagazi hawakuandikwa. Na sisi tulifuatilia wa kwetu miaka ile, hakuna kitu. Jengeni kaburi, andikeni jina lake, inatosha.

Binti_Misungwi

Mzee wangu, ahsante sana. Nimempigia shangazi jioni hii hii na nimeuliza ulivyonielekeza. Yupo aliyerudi! Mwanaume wa kaya ya pili kutoka kwetu. Alirudi amekatika vidole viwili vya mguu kwa funza, na watoto hawakuruhusiwa kumcheka. Alisema walitembea hadi "kwenye maembe mengi", wakakaa hapo siku nyingi, na watu walikuwa wanakufa kwa kuhara damu kwa sababu ya unga usioiva. Waliachana hapo. Yeye alirudishwa nyuma na mzigo wa barua, mwenzake alibaki.

Feri_Kamanga, nakuelewa kaka, na pole kwa ya kwenu. Lakini jana nilikuwa sijui hata kwamba kuna mtu aliyerudi.

Mzee_wa_Kisesa

Tabora. Maembe mengi ni Tabora, binti yangu. Wafanyabiashara wa misafara waliyapanda zamani na mji mzima umefunikwa. Siwezi kuapa, ila njia na maembe na kuhara vinakwenda pamoja. Kuhara damu ndiko kulikoua wapagazi kuliko risasi. Walipewa unga wa mahindi wasiouzoea, bila muda wala kuni za kuupika ukaiva.

Nikwambie jambo lingine ambalo linaniuma kila ninapolikumbuka. 1964 bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wa Kiafrika wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, mishahara waliyokuwa wanadai tangu 1918, na ofisi ya malipo ikafunguliwa hapa hapa Mwanza. Inasimuliwa kwamba wengi hawakuwa na vyeti, basi kila mzee aliyefika alipewa fagio na kuamriwa kwa Kijerumani alishike kama bunduki, na hakuna aliyeshindwa. Habari hii watu hupenda kuitoa kama ya kufurahisha. Mimi huwaza wapagazi. Kwao hapakuwa na amri ya kukumbuka wala mshahara wa kudai, na wao ndio waliokuwa wengi.

Kifaru_wa_11

Naomba nichangie kwenye ile nyota, dada. Ni Burma Star, na rangi za utepe ulizotaja ndizo zenyewe. Babu yako alifika Bama (Burma) kweli. Vikosi vya Keya vyenye namba inayoishia na 6 vilikuwa vya Tanganyika, na cha 26 na cha 36 vilikuwa kwenye Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye nembo ya kichwa cha kifaru. Walipita bonde la Kabaw kwenye matope ya masika ya 1944 hadi mto Chindwin. Nyota za vita ya pili za jeshi la Uingereza hazikuchongwa jina, kwa hiyo usihangaike kuigeuza geuza ukitafuta. Tafuta kitabu chake cha malipo au cheti cha kuachishwa jeshi. Kwenye hivyo kuna namba yake ya jeshi, na namba hiyo ina thamani kuliko jina, maana makarani waliandika majina yetu walivyosikia.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina tovuti ambayo unatafuta jina bure. Humo wapo waliokufa tu, kwa hiyo babu yako hutamkuta. Sisi tulimkuta mdogo wake babu. Alikuwa kwenye meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikazamishwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944. Ilizama kama dakika mbili. Ilikuwa na karibu watu 1,000 wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, na majina yao yamechongwa Nairobi, kwenye makaburi ya vita. Kwetu walikuwa wanasema "alipotelea majini", wengine wakidhani ni ziwani humu. Jaribu jina kwa R na kwa L, na kama linaanza na Ng'w jaribu Mw, Ngw, hata W peke yake. Sisi tulimpata kwa herufi ambazo bibi angezisikia asingemtambua mwanawe.

Kwa wapagazi, Feri_Kamanga amesema kwa ukali lakini hajakosea sana. Mnara wa Askari pale Dar es Salaam wa 1927 hauna jina hata moja. Aprili 2021 Tume hiyo yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa vita ya kwanza, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na idadi inaweza kufika 350,000. Wakaomba radhi. Sasa kama wanatafuta majina, familia kama yako ndizo zenye majina. Waandikie. Jina, kijiji, mtemi wa wakati ule, mwezi aliochukuliwa, mahali alipoonekana mara ya mwisho.

Karani_Mstaafu

Binti, je, babu yako alibatizwa? Kama ni Mkatoliki, acha intaneti kwanza, nenda parokiani.

Nimefanya kazi na vitabu vya ubatizo muda mrefu. Wamisionari wa Afrika, wale tuliowaita Mapadri Weupe, walifika Bukumbi 1883, na waliandika kwa mkono ulionyooka ambao bado unasomeka. Vitabu vya zamani ni vya Kilatini, lakini usiogope, ni mstari mmoja kwa kila mtu. Kuna namba, tarehe, jina la ubatizo na jina la nyumbani, halafu baba, mama, msimamizi, na kijiji. Hata kama baba hakuwahi kubatizwa, hata kama amekufa, jina lake linaandikwa kwenye safu ya baba. Pembeni kuna nafasi walikojaza baadaye ndoa na kifo. Wengi hunakili jina na kuondoka. Wewe soma pembeni, halafu geuza ukurasa, utazame waliobatizwa siku ile ile kutoka kijiji kile kile. Hao ndio rika la babu yako. Humo unaweza kumkuta mtoto wa yule aliyekatika vidole.

Chukua cheti chochote cha kanisa cha babu, cha ndoa kinatosha, kina namba ya ubatizo na parokia. Mwone paroko, umweleze shida, na usipige picha kabla hajakuruhusu. Vitabu vile karatasi yake inavunjika pembeni kama chapati iliyokaa.

Ukipata nafasi ya kufika Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa pale Upanga wana faili za Wajerumani na zile daftari za wilaya za Mwingereza zenye nasaba za watemi. Mpagazi humo hutamwona. Lakini ukishajua mtemi wa mwaka ule, utajua ni banang'wa wa eneo gani walioagizwa watu, na wajukuu zao wako hai, nao wana ya kusimulia.

Feri_Kamanga

Karani, hii ya kusoma pembeni sikuijua. Sisi tuliomba jina tu. Cheti cha ndoa cha babu kipo nyumbani.

Binti_Misungwi

Nimesoma yote na kuyaandika kwenye daftari. Sina neno la kuwashukuru, Mungu awabariki.

Cheti cha ndoa cha babu kipo, nimemwambia mdogo wangu akipige picha anitumie. Namba ya ubatizo inaonekana. Nitaenda parokiani wiki ijayo, na nitamchukua baba mdogo twende wote, maana nataka alione jina la babu yake kwa macho yake. Shangazi amekubali nilale kwake Jumamosi na nimrekodi sauti.

Kifaru_wa_11, barua kwa Tume nitaiandika baada ya kutoka parokiani ili jina niliandike lilivyoandikwa kitabuni na pia tunavyolitamka nyumbani, yote mawili.

Ombi langu la mwisho, kama kuna mtu humu anayetoka Misungwi, Usagara au Bukumbi, na kwao kuna mzee aliyesimuliwa habari za watu waliochukuliwa mwaka ule wa mavuno na kupelekwa njia ya Tabora, tafadhali nitumie ujumbe. Aliyerudi alisema walitoka wengi kwa pamoja. Ina maana kuna kaya nyingine zenye mtu kama wetu.