Alimpa bibi Chakula cha Bwana, kaburini akaambiwa akae pembeni

Ndugu zangu, naleta hoja hii kwa wote: Walutheri, Wakatoliki, Wasabato na walokole. Je, mwanamke anaweza kuwa mchungaji? Mimi nasema anaweza. Ila kwanza nieleze kilichonisukuma kuuliza.

Bibi yangu mzaa baba aliugua miaka miwili huku kwetu Moshi vijijini. Miguu ilikataa, kanisani hakufika tena. Mchungaji wa usharika wake alikuwa mwanamke. Alipanda mlima kwa miguu, hata masika barabara ikiwa tope tupu, akiwa amebeba vyombo vya Chakula cha Bwana. Alimsomea, akaimba naye kwa Kichaga, akampa mkate na divai. Katika miaka ile yote hakuna ndugu aliyeuliza kama sakramenti ile ni halali.

Bibi alipofariki, maneno yakabadilika usiku uleule. Wazee wa ukoo wakataka atafutwe mchungaji mwanamume kutoka usharika wa jirani, kwa kuwa mwanamke hasimami juu ya kaburi kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo. Nikamuuliza baba mkubwa, kwa heshima zote, imeandikwa wapi. Akanijibu, "Mwanangu, kuna mambo hayaandikwi." Siku ya maziko mchungaji yule alikuja, akaketi na akina mama chini ya turubai, akaimba nasi hadi udongo wa mwisho.

Nampenda baba mkubwa, na nashukuru kwamba hakunidanganya. Alikiri mwenyewe kuwa pingamizi lake halikutoka kwenye Biblia. Lilitoka kihambani, kwenye desturi ya nani anarithi na nani anasimama mbele. Wengi wetu tunabeba desturi hiyohiyo, tofauti ni kwamba tunaifungia ndani ya jalada la Biblia.

Tena kwa sisi wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, jambo hili si geni. Kanisa liliamua mwaka 1990 kuwa wanawake wanaweza kubarikiwa kuwa wachungaji, likaachia kila dayosisi iamue lini itaanza, na 1991 wa kwanza wakabarikiwa. Kabla ya hapo wanawake walisoma theolojia pale Makumira, chuo chetu cha Kilutheri, wakarudi kufundisha na kuhudumu sharikani bila kuruhusiwa kusimama altareni. Leo kuna watu wazima, wenye watoto, ambao hawajawahi kuona KKKT isiyo na mchungaji mwanamke. Bado msibani tunatafuta mwanamume.

Sasa Maandiko, maana najua mtanijia nayo, na ni haki yenu. "Simpi mwanamke ruhusa ya kufundisha, wala kumtawala mwanamume" (1 Timotheo 2:12). Andiko ni zito, na anayelishika kwa dhamiri safi simwiti mshamba. Lakini msomeni Paulo wote. Katika 1 Wakorintho 14 anasema wanawake wanyamaze kanisani, na katika sura ya 11 ya waraka huohuo anaelekeza mwanamke afunike kichwa anaposali au anapohutubu. Mtu aliyekatazwa kabisa kufungua mdomo angefundishwaje namna ya kuvaa anapohutubu? Warumi 16 inamtaja Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na kwa Kigiriki ni neno lilelile ambalo Paulo analitumia kujitaja yeye na Apolo. Wengine hutegemea "mume wa mke mmoja", sifa ya askofu. Tukiishika neno kwa neno, Paulo mwenyewe, asiye na mke, hafai.

Jirani zangu Wakatoliki wana hoja nyingine, nayo ndiyo naiona ngumu zaidi: Yesu alichagua mitume kumi na wawili, wote wanaume, na Kanisa haliwezi kubadili alichofanya Bwana wake. Papa Yohane Paulo II aliliandika hivyo mwaka 1994, akasema Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake upadri. Ninachowauliza ni hiki: wale kumi na wawili walikuwa pia Wayahudi wote. Kwa nini Uyahudi wao haukuwa sharti, ila uanaume wao ukawa sharti? Na asubuhi ya Pasaka Bwana alimtuma Mariamu Magdalene awapelekee habari wanaume waliojifungia.

Wasabato, ambao wako wengi huko Upare, walilipigia kura mwaka 2015 kule San Antonio, Marekani: je, kila kanda ya kanisa ijiamulie kuhusu kubariki wachungaji wanawake? Kura 1,381 zilikataa, 977 zilikubali. Sitawahukumu. Waliketi, wakabishana hadharani, wakahesabiana kura. Hilo ni bora kuliko kunong'ona nyuma ya turubai.

Kinachoniumiza Arusha na Moshi ni kukubali nusunusu. Mwanamke afundishe kipaimara, aombee wagonjwa hospitali ya KCMC, apande mlima na mvua. Ikifika siku ya kupanga mchungaji kiongozi wa usharika mkubwa, au siku ya kuzika mzee mwenye jina, ghafla Paulo anakumbukwa.

Kwa hiyo wanaopinga, kabla hamjanitajia aya, nijibuni hili. Mikono ileile iliyompa bibi mwili na damu ya Bwana kitandani, ilipungukiwa nini hatua ishirini kutoka pale, kaburini?