Mfuko wa kulalia wa jeshi kwa safari ya kuwinda milimani

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Wenzangu wa kazini wamenialika kuwinda elki, mnyama mkubwa jamii ya kulungu, milimani Colorado mwanzoni mwa Novemba. Tutaacha gari barabarani, tutembee, tulale porini siku tano. Nimeona mtumba wa jeshi la Marekani, ule mfuko wa kulalia wa vipande vitatu: wa kijani, mweusi, na gamba la nje la madoadoa. Muuzaji anasema unahimili nyuzi za Selsiasi 34 chini ya sifuri. Sijawahi kulala kwenye theluji hata usiku mmoja. Ninunue?

---

Marahaba mdogo wangu.

Nunua. Ila hiyo 34 usiichukue kama ahadi.

Ule wa kijani ni mwembamba, wa usiku wa nyuzi 10 hadi karibu na sifuri. Mweusi ni mnene, na kwa maandishi yake unashuka hadi 23 chini ya sifuri. Hiyo 34 inapatikana pale tu unapoutia mweusi ndani ya kijani, ukavibana kwa vifungo vyake, kisha vyote viwili ukaviingiza ndani ya gamba la Gore-Tex, kitambaa kisichopitisha maji. Tena hesabu ni ya askari aliyevaa nguo za ndani za baridi na soksi, aliyelala juu ya mkeka wake. Maana yake ni kwamba asubuhi utaamka mzima. Kwamba utapata usingizi, hilo ni jambo jingine. Mimi huchukua namba ya kwenye lebo nikaisogeza nyuzi 10 upande wa joto, ndipo naanza kupanga safari.

Sasa lililo kubwa kuliko mfuko wenyewe ni kilicho chini yako. Mfuko hauna joto la kwake, unatunza la kwako, na unalitunza kwa hewa iliyonaswa kati ya nyuzi zake. Ukiulalia, upande wa chini unagandamizwa, hewa inatoka, mgongo wako unabaki umegusana na ardhi iliyoganda kwa kitambaa tu. Msimu wangu wa kwanza nilikuwa na vipande vyote vitatu na mkeka mmoja mwembamba wa sponji. Saa nane usiku natetemeka, najirundikia makoti juu, baridi haipungui hata kidogo. Nilipoyatoa makoti juu na kuyatandika chini pamoja na shanta tupu, nikasinzia mpaka alfajiri.

Mikeka hupimwa kwa thamani iitwayo R, yaani jinsi unavyozuia joto lako lisipotelee ardhini. Wa sponji wa kawaida huwa na R ya karibu 2. Kwa theluji tafuta jumla ya 5. Namba hizo hujumlishwa, kwa hiyo weka wa sponji chini na wa kujaza hewa juu yake. Ukitoboka huo wa hewa, bado una wa sponji. Fedha ikikubana, heri ununue mfuko wa mtumba na mkeka mzuri kuliko mfuko mpya wa kifahari na mkeka wa ovyo.

---

Kaka, nakubaliana nawe yote ya mkeka, lakini naomba nikupinge kwenye uzito.

Vipande vitatu vinafika kilo 4 na nusu au zaidi, na hata ukivikaza kwa mikanda ya mfuko wake vinakula nusu ya shanta. Mfuko wa manyoya ya bata wa baridi hiyohiyo unaweza kuwa chini ya kilo 2. Kwenda ni rahisi. Mdogo wetu ajiulize kurudi: elki dume akishatolewa mifupa, nyama peke yake inaweza kufika kilo 80 na kupita. Hizo ni safari kadhaa za kupanda na kushuka, na kila kilo ya kambi nayo inangoja zamu yake ya kubebwa. Mimi niliubeba mzima mara moja, sikurudia.

---

Dada yangu, uzito hapo umenishika, sina la kubisha. Manyoya ya bata ni mepesi, lakini yakilowa yanasinyaa na joto linakwisha. Nyuzi za huu wa jeshi zikilowa bado zinakupa joto kiasi, na zinakauka haraka zaidi. Kwa mgeni ambaye hajajua kulinda vitu vyake na maji, hilo nalithamini kuliko kilo hizo.

Basi tuseme hivi. Kambi ikiwa kilomita mbili au tatu kutoka kwenye gari, beba vyote vitatu. Ikiwa mbali zaidi, acha wa kijani, chukua mweusi na gamba, ambavyo kwa pamoja ni karibu kilo 3, na ulale na koti lako nene, suruali kavu na kofia ya sufu. Septemba, msimu wa upinde, wa kijani na gamba mara nyingi vinatosha.

Na kuna jambo ambalo sijawahi kumsikia muuzaji akilitaja: unyevu. Usiku kucha mwili unatoa mvuke. Gamba la Gore-Tex linaupitisha, lakini baridi ikiwa kali mvuke unaganda kabla haujatoka, na asubuhi unakuta sakitu kati ya gamba na mfuko. Usiku mmoja si kitu. Siku ya nne mfuko umekuwa mzito na baridi ileile uliyoivumilia juzi sasa inakuingia. Mwindaji ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu anatoka kabla ya mapambazuko na kurudi giza limeingia, mfuko unashinda umejikunja na maji yake ndani.

Elki hujilaza katikati ya mchana. Tumia saa hizo. Rudi kambini, geuza mfuko ndani nje, utandaze kwenye kichaka penye jua na upepo hata kwa saa moja. Usiku kaza kofia ya mfuko usoni, mdomo na pua vibaki nje. Najua kujifunika gubigubi kunavutia, lakini pumzi yako ndiyo maji mengi kuliko yote.

Usilale bondeni kabisa pia. Hewa baridi ni nzito, usiku inatiririka na kutuama chini. Panda kidogo ubavuni mwa mlima, penye miti.

---

Asanteni sana, kaka na dada. Nimekwenda kuuona, unanuka ghala. Nitajuaje kama bado ni mzima? Na jingine: niko hapa kwa viza ya mwanafunzi. Kuna tatizo?

---

Harufu inatoka. Fua kwenye mashine ya mlango wa mbele, sabuni kidogo, bila dawa ya kulainisha nguo, suuza mara mbili, kausha kwa moto mdogo sana. Usiupeleke kwa dobi wa dawa, anayesafisha bila maji.

Kuukagua, ushike juu ya taa. Ukiona mwanga unapenya kwa mabaka, nyuzi zimejikusanya na hapo patakuwa na baridi. Vuta zipu mwanzo hadi mwisho mara kadhaa. Gamba ligeuze ndani nje utazame utepe wa kwenye mishono, ukiwa umebanduka maji yatapita. Kisha mimina maji kidogo juu na uweke karatasi kavu chini. Lebo iwe na namba ya mkataba wa serikali na kitambaa kitajwe kwa jina. Nyumbani usiuache umekazwa kwenye mikanda, utundike au uuweke kwenye gunia kubwa. Mifuko mingi ya mtumba ilikufa kwa kukandamizwa ghalani miaka mingi, kuliko kwa kulaliwa.

Suala la viza ni zito, usilipuuze. Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda kushika bunduki au risasi. Mojawapo ya vighairi vyake ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Kwa hiyo usiguse bunduki ya mwenzako, hata kwa mazoezi, kabla leseni haijawa mkononi, na ukiwa na shaka yoyote muulize mwanasheria wa uhamiaji. Colorado inamtaka kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baadaye awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji, basi anza mafunzo hayo mapema.

---

Niongeze hili, kaka amelisahau. Gamba hilo lina madoadoa ya kukuficha, na msimu wa bunduki hutaki kufichika. Colorado inataka inchi za mraba 500 za rangi ya chungwa au waridi inayong'aa mwilini, juu ya kiuno, na kofia ya rangi hiyo. Madoadoa, hata yakiwa ya chungwa, hayahesabiwi. Kambini sheria haikulazimishi, lakini mimi hufunga kitambaa cha chungwa kwenye mti pande mbili za ninapolala.

Nguo zenye damu ya mnyama usiingie nazo kwenye mfuko, kwa ajili ya dubu. Zitundike mbali pamoja na nyama. Na kabla ya kulala jaza maji ya moto kwenye chupa isiyovuja, itie ndani ya soksi, uiweke mapajani. Simu na chujio la maji vilaze nawe humo humo, chujio likiganda mara moja huwezi kuliamini tena.

---

Dada, ahsante kwa kunikumbusha. Mdogo wangu, kabla ya Novemba lala nao nje usiku mmoja, karibu na mlango, siku ya baridi utakayoipata. Utuandikie saa ngapi uliamka na baridi ilianzia wapi mwilini, miguuni au mgongoni, tujue cha kukuongezea.