Naomba ushauri: kalibu ya kumimina chubwi

Assalaam alaykum ndugu zangu wavuvi. Niko Shela, Lamu, navua kwa mshipi na chubwi, vile vizito vya kuzamisha mshipi, najimiminia mwenyewe. Madini ya risasi natumia ya vile vipande vya kusawazishia magurudumu ya gari. Kwetu magari ni ya kuhesabu, naletewa kutoka Malindi.

Kalibu yangu ni ya mbao. Inaungua, na chubwi zinatoka na makunyanzi na vitundu. Nimeongeza moto, makunyanzi yamepungua, vitundu bado. Nikajaribu kalibu ya plasta, kumbe haijakauka, ikarusha risasi mpaka mlangoni! Sirudii.

Je, kwa chubwi za gramu 200 ninunue kalibu ya alumini au nichonge ya jiwe? Na kati ya vile vipande vya magurudumu, vya zinki nitavitambuaje kabla sijayeyusha?